Ajali na Sahani

Neno moja husikika katika kila matanga, nalo ni hili: ajali yake imefika. Mtu amekufa ghafula, miaka hamsini hakuitimiza, ameacha mke na watoto ambao mdogo wao bado yumo chuoni, na waliokaa barazani hutikisa vichwa wakasema neno hilo, kisha wakanyamaza. Neno lenyewe ni la haki. Hapana Muislamu anayelikanusha, kwani kila nafsi imewekewa muda wake, nao haukawii wala hautangulii. Tunalotaka kuliuliza hapa ni kazi gani tunayolituma neno hilo. Je, twalisema ili kuridhika na hukumu ya Mwenyezi Mungu, au twalisema ili tusiulizane marehemu alikuwa akila nini, akivuta nini, na kwa nini dawa ya presha aliyopewa hospitali imekutwa mvunguni mwa kitanda haijafunguliwa?

Nawaomba ndugu zangu wasomaji wasiyachukue maneno haya wakaenda kuyasema mbele ya wafiwa. Aliyekufa amekwisha kufika kwa Mola wake aliye mjuzi wa nyudhuru zake, na mfiwa haki yake ni taazia. Maneno haya ni ya walio hai.

Na tuyatazame mambo yetu ya biashara. Mwenye duka Gikomba hufunga mlango wake kwa kufuli mbili, na juu ya kufuli humlipa mlinzi. Soko lile limeungua mara nyingi, na moto wa mwezi wa Juni 2018 uliua watu wasiopungua 15. Wala sikumsikia mfanyabiashara hata mmoja akisema kwamba ajali ya bidhaa zake imefika, na kwa hivyo hapana haja ya kuuliza moto ulianzia wapi. Wote waliuliza, na haki yao kuuliza. Lakini mtu huyo huyo akiambiwa na daktari apunguze chumvi na aache sigara, papo hapo huwa mwanazuoni wa tauhidi, akajibu kwamba kufa ni kwa Mungu. Basi qadari yake yaingia tumboni tu, dukani haiingii. Hiyo si tawakuli. Ni uvivu uliovaa kanzu.

Sayyidna Umar (R.A.) alipokuwa akielekea Sham alifika mahali paitwapo Sargh, akapata khabari kwamba tauni imeingia katika nchi ile. Akawashauri Muhajirina, akawashauri Ansari, akawashauri wazee wa Kikureshi, kisha akaazimia kurudi na watu wake. Abu Ubayda (R.A.), naye ni mmoja wa waliobashiriwa Pepo, akamuuliza kama anaikimbia qadari ya Mungu. Umar akamjibu kwamba anaikimbia qadari ya Mungu kwa kuiendea qadari ya Mungu, akampigia mfano wa mchunga ngamia aliyeshuka katika bonde lenye pande mbili, mmoja una majani na wa pili mkavu. Popote atakapochunga, amechunga kwa qadari. Kisha akaja Abdurrahman bin Auf (R.A.) na hadithi ya Mtume (S.A.W.) iliyoafikiana na rai hiyo. Katika kisa hiki umo ufumbuzi wa mas'ala yetu yote. Sababu ni katika qadari. Mwenye kuiacha sababu hakuikaribia qadari zaidi kuliko aliyeishika. Amechagua upande mkavu wa bonde tu.

Ama mwili wenyewe, si milki yetu tuutumie tupendavyo. Imepokewa kwamba mja ataulizwa Siku ya Kiyama juu ya mwili wake, aliuchakaza katika jambo gani, na Salman alipomuona Abu Dardaa anajitaabisha kwa saumu na kisimamo cha usiku, alimkumbusha kwamba nafsi yake ina haki juu yake na watu wake wana haki, naye Mtume (S.A.W.) akamsadikisha Salman. Ikiwa mtu hakuruhusiwa kuudhulumu mwili wake kwa ajili ya ibada, sembuse kwa ajili ya viazi karai?

Siku hizi wako wanaoivuta ile hadithi mashuhuri ya pande la nyama, ambalo likitengea mwili wote hutengea, wakaifanya ni hadithi ya utabibu. Mimi sikubaliani nao. Hadithi ile yazungumza juu ya moyo wa imani na nia, na dini haina haja ya kubebeshwa tusilobebeshwa. Dalili tulizo nazo zatosha.

Moyo wa nyama ni kama ngumi ya mwenyewe, nao hupiga takriban mara 100,000 kila siku. Jambo la ajabu ni kwamba, ingawa umejaa damu, haulishwi na damu iliyo ndani yake, bali kwa mishipa yake wenyewe inayoupitia. Aliyelisema hili zamani, akamkhalifu Ibn Sina, ni Ibn an-Nafis, tabibu aliyefariki Misri mwaka 1288, naye alikuwa faqihi wa madhhab yetu ya Shafii. Mishipa hiyo ndiyo inayoingia ugonjwa. Mafuta huganda katika kuta zake kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, bila ya maumivu, hata siku moja damu ikaganda hapo pembamba na sehemu ya moyo ikakosa chakula ikafa. Presha nayo huzichosha kuta hizo na kuuchosha moyo, wala mwenyewe hana khabari, kwani aghlabu haina ishara yoyote. Ikiupiga ubongo ndipo huja kiharusi, kile ambacho baadhi yetu mpaka leo hukiita upepo mbaya.

Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba katika mwaka 2019 maradhi ya moyo na mishipa yaliua watu karibu milioni 18 ulimwenguni, na wengi wao si wa nchi za matajiri. Hapa Kenya, uchunguzi wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja katika kila wanne ana presha ya juu. Basi tukikaa msikitini safu moja ya watu ishirini, watano miongoni mwetu huenda wanayo, na ajabu ni kwamba hata wao wenyewe huenda hawajui.

Hapa watu hunijibu kwa babu zao. "Babu yangu," husema, "alikula samli na nyama maisha yake yote, akafika miaka tisini." Sina shaka na babu yake. Lakini kwanza, aliyefika tisini ndiye anayetolewa ushahidi. Waliokufa mapema hawana wajukuu wa kuwasemea barazani. Na pili, babu huyo alikwenda kwa miguu. Katika mwaka 1929 daktari mmoja Muingereza, jina lake Donnison, aliyekuwa akifanya kazi pande za Kisii, alichapisha matokeo ya kuwapima presha watu wa huko, akaona kwamba haipandi kwa uzee kama ilivyokuwa ikipanda kwa Wazungu. Tazama sasa yaliyokuja baadaye. Wachunguzi waliwafuata vijana wa Kijaluo waliohama vijijini kwao wakaja kuishi hapa Nairobi, wakawapima, na khabari yao ikachapishwa mwaka 1990. Haikupita ila miezi michache presha za wale waliohama zilikuwa zimepanda kupita za wenzao waliobaki kijijini. Uzito wao ulizidi, na mkojo wao ulionyesha kwamba wanakula chumvi zaidi, na vile vyakula vya shambani vyenye madini ya kuipinga chumvi vimepungua. Damu ni ile ile, kabila ni lile lile, wazee ni wale wale. Kilichobadilika ni mji na sahani.

Na sisi wa Majengo ni nani, ila watu waliohama? Mtaa huu ulianzishwa na serikali ya kikoloni mwanzoni mwa miaka ya 1920, wakaletwa humo watu wa vijiji vilivyovunjwa, na tangu hapo hupokea wageni wa kila upande: wa pwani, wa bara, wa Nubi, wa Somali. Kila mmoja alikuja na chakula chake, na uzuri wa mtaa ni kwamba vyote vilichanganyika. Ubaya ni kwamba tulivyovihifadhi ni vile vya sikukuu. Zamani pilau ilikuwa ya harusi, mahamri ya Ijumaa au ya mgeni, na siku nyingine watu wakila wali kwa samaki, mbaazi, mchicha, muhogo, maharagwe. Leo sikukuu imekuwa kila siku. Asubuhi ni mahamri na chai iliyokolezwa sukari. Adhuhuri ni chapati. Magharibi ni bhajia na viazi karai, navyo vimekaangwa kwa mafuta yaliyokwisha kaanga tangu juzi hata yakawa meusi. Na juu ya hayo soda.

Qur'ani katika Sura ya Al-Aaraf imeamrisha kula na kunywa, na papo hapo ikakataza kupita kiasi. Amri hizo mbili zimo katika aya moja, nasi tumeisoma nusu yake. Mtume (S.A.W.) naye amelieleza tumbo kuwa ni chombo kibaya kukijaza, na akamruhusu asiyeweza kutosheka kwa tonge chache aligawe mafungu matatu: la chakula, la kinywaji na la pumzi. Wanazuoni wetu wamesema kula baada ya kushiba ni makuruhu, na kukiwa na madhara ni haramu. Sasa daktari akimwambia mtu kwa kipimo cha yakini kwamba chumvi hii yamdhuru, hukumu yake haibaki makuruhu. Nataka msomaji alifikiri hilo polepole, kwani sisi huogopa tone la mvinyo, na ni haki kuliogopa, lakini hatuna hata wasiwasi mbele ya sahani ambayo kwetu sisi wenyewe imekuwa sumu.

Kiasi wanachokitaja wajuzi si kigumu. Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa mtu mzima kwa siku nzima, nayo ni pamoja na iliyomo katika mkate, katika achari na katika vile vidonge vya mchuzi. Mafuta yapungue, na yaliyogandishwa kiwandani yaepukwe. Mboga, matunda, samaki na jamii ya kunde zizidi. Na mtu atembee kwa mwendo wa haraka dakika 150 kwa wiki, ambazo ukizigawa hazifiki nusu saa kwa siku.

Juu ya kutembea kuna khabari ya London ambayo yatufaa sisi watu wa matatu. Katika mwaka 1953 daktari mmoja, Jerry Morris, alichapisha uchunguzi wa wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa. Dereva na utingo walikuwa watu wa hali moja, basi moja na mji mmoja. Lakini dereva alikaa kutwa, na utingo alipanda na kushuka ngazi kutwa. Matingo walipatwa na mshtuko wa moyo kwa kiasi kidogo sana kuliko madereva. Nasi tunayo dini ambayo wenyewe waliotaka kuhamia karibu na msikiti, Banu Salima, waliambiwa na Mtume (S.A.W.) wakae makwao, kwani hatua zao zaandikwa. Aliye Majengo mwenye afya akaenda Ijumaa kwa miguu hadi Msikiti wa Jamia hakupoteza wakati wake. Lakini siku hizi hata kutoka nyumbani mpaka msikiti wa mtaani mtu hutafuta bodaboda.

Na wanawake je? Wengine watanighadhibikia, lakini nitasema. Tumewaweka mama zetu na dada zetu jikoni na kitandani, kisha tukastaajabu presha na kisukari vinapowakuta wao kwanza. Sitara haikumharimishia mwanamke miguu yake. Bibi Aisha (R.A.) alishindana mbio na Mtume (S.A.W.) safarini, na kisa chake kimo vitabuni. Mume anayeona haya mkewe kutembea pamoja na wenzake baada ya alfajiri, wamejisitiri, lakini haoni haya kumpeleka hospitali akiwa amepooza upande mmoja, ameipima haya kwa mizani mbovu.

Tumbaku sitaisemea mengi kwa kuwa hapana tena wa kuitetea. Mwenye kuvuta aujue wema mmoja tu: akiacha, khatari ya moyo wake hupungua kiasi cha nusu katika muda wa mwaka mmoja. Mlango wa toba haukufungwa hata katika mishipa. Shisha ni moshi ule ule, maji hayautwaharishi. Ama miraa, najua nagusa riziki za watu na maskani za watu. Hukumu yake wanazuoni wamekhitalifiana tangu zamani. Ibn Hajar al-Haytami, ambaye vitabu vyake ndivyo tuvisomavyo, alitunga risala ya kuwatahadharisha watu nayo bila ya kukata moja kwa moja kwamba ni haramu. Lakini yeye hakuwa na kipimo cha presha. Uchunguzi uliofanywa Yemen, nchi ya watafunaji, ukachapishwa mwaka 2005, ulikuta kwamba watafunaji hupatwa na mshtuko wa moyo zaidi kuliko wasiotafuna, na kadiri mtu alivyozidisha ndivyo khatari ilivyozidi. Naona lau angaliyajua hayo kalamu yake ingalikuwa kali zaidi. Na mwenye kutafuna usiku kucha, kwa soda na sigara, akalala asiswali Alfajiri, huyo mas'ala yake hayahitaji Yemen.

Naja sasa penye uchungu. Katika darsa yetu kijana mmoja aliniuliza: "Sheikh, matunda wayajua bei yake? Na nitembee wapi, mtaroni?" Swali lake ni la haki, nami sikulijibu kwa hadithi. Si watu wote wana lawama sawa. Hamali wa Gikomba anayebeba mizigo kutwa na kula ugali kwa sukuma wiki ana moyo uliofanya kazi yake, na tukimwambia afanye mazoezi tutakuwa twamfanyia mzaha. Mama anayekaanga viazi karai mlangoni ndiye anayewalipia watoto wake karo. Ukimzuilia karai yake, mpe kwanza jambo jingine la kuuza. Ni kweli pia kwamba mbaazi, kunde, dengu na sukuma wiki ni rahisi kuliko nyama na soda, kwa hivyo umasikini si udhuru katika kila jambo. Lakini mwenye nyumba mwenye vyumba sita vya kupangisha, na mwenye duka, na sisi masheikh tunaoalikwa kila khitma tukawekewa mbele sinia la kwanza, udhuru wetu uko wapi? Sisi twaweza kuchagua, na watu hututazama mikono yetu inakoelekea. Sheikh akisukuma sinia la biriani baada ya matonge machache, amesoma darsa ndefu kuliko hii.

Ramadhani ndiyo mfano mkubwa. Mwezi uliowekwa ili tumbo lipumzike umekuwa mwezi wa sambusa na kaimati, na wengi hutoka wamezidi uzito. Kisha yuko mgonjwa wa presha anayeacha vidonge vyake mwezi mzima kwa kuwa hataki kufungua, na vidonge vingi daktari huweza kuvipangia nyakati za futari na daku kama ataulizwa kabla. Asipoweza, Qur'ani imemruhusu mgonjwa kufungua, na rukhsa ya Mungu haidharauliwi.

Na yuko anayeacha dawa kwa sababu nyingine. Ameambiwa kwamba kichwa kinachomuuma ni cha jini, akatwaa kombe akanywa, akavaa hirizi, akalipa mbuzi mweusi. Dua ni ibada na kusomewa Qur'ani ni Sunna, nami huwasomea wagonjwa. Lakini Mabedui walipomuuliza Mtume (S.A.W.) kama wajitibu, aliwaamrisha wajitibu na akasema hapana ugonjwa ulioteremshwa bila ya dawa ila uzee. Mwenye kukwambia utupe vidonge ndipo kisomo kifanye kazi amekudanganya katika dini kabla hajakudanganya katika utabibu. Kipimo cha presha huchukua dakika chache. Hapa Nairobi jirani zetu wana mtaa uitwao Shauri Moyo. Ni jina zuri la kwenda kupimiwa.

Limebaki swali la mama mmoja mzee, nalo ndilo lililonifanya niandike. Yeye daktari amemkataza chumvi na mafuta, lakini kila aendapo karamuni huapiwa: "Wallahi utakula!" Akikataa huambiwa ana dharau, akila hurudi nyumbani anatweta. Je, kiapo cha mwenyeji chamlazimu?

Jawabu ni kwamba hakimlazimu. Kumtimizia mwenzio kiapo ni Sunna pale ambapo hapana madhara, na hapa madhara yamethibiti kwa kauli ya tabibu, basi akatae kwa upole na aondoke bila ya dhambi. Ama mwenyeji, ikiwa alikusudia kiapo cha kweli wala hakikumtoka ulimini tu kwa mazoea, kimevunjika juu yake yeye, naye atatoa kafara: kulisha maskini kumi, au kuwavisha, au kumwacha huru mtumwa, jambo ambalo leo halipo, na asiyeweza, kufunga siku tatu. Katika madhhab yetu kila maskini hupewa kibaba cha chakula kinacholiwa zaidi katika mji. Na Qur'ani, katika Sura ya Al-Maida, imetaja kwamba chakula hicho kiwe cha wastani wa kile tunachowalisha watu wa nyumbani mwetu. Mwenyeji wetu, kabla hajaupima mchele wa kafara, yampasa kwanza aingie jikoni mwake atazame wastani huo ni nini.